Vigodoro vya Kipa

Kaka Hamisi,

Jumapili iliyopita Mwamini alisimama golini. Nimeona nikuambie hili kabla ya mengine, kwa sababu mengine ni mazito. Alifungwa mabao manne, akazuia mawili. La pili alilizuia kwa mguu wa kushoto, akaanguka, akainuka, akautazama mpira ulikokwenda kama mtu asiyeamini kuwa ni yeye. Mzee Jamali alipiga makofi peke yake, akapaza sauti, "Huyu wa Hamisi, hakuna haja ya kuuliza!" Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilivuta mtandio nikafunika uso.

Tangu mtoto wako atoke nyumbani kwako Kinama aje kwangu hapa Buyenzi, na huu ni mwaka wa pili sasa, hajanisumbua kwa lolote. Anakula nilichopika. Anafagia uwanja bila kutumwa. Madrasa anakwenda, na shule anakwenda siku ambazo shule ipo. Nikimuuliza anataka nini, jibu ni moja tu: "Niko sawa, Shangazi." Mtoto wa miaka kumi na moja, hana mama tangu azaliwe na sasa hana baba, halafu yuko sawa kila siku. Kaka, hilo lilikuwa linanitisha kuliko kilio.

Kisha Mzee Jamali, nahodha wako wa zamani, akaanza kuwakusanya watoto. Duka lake pale mtaa wa Wahindi halina cha kuuza siku hizi. Nchi jirani zimetufungia mipaka, na rafu zake zimebaki na viberiti na sabuni. Nyuma ya duka kuna ule uwanja wa saruji, na magongo ya zamani ya timu yenu bado anayo. Anasema mtoto anayeshinda ndani akihesabu milio ya risasi ataharibika, bora ahesabu mabao. Jumatano na Jumapili, saa tisa mpaka kabla jua halijazama, kila mtu awahi kwake kabla ya amri ya kutotembea usiku.

Mwamini alikwenda kutazama mara mbili. Mara ya tatu aliporudi akasimama mlangoni, sikuwahi kumwona akisimama vile, akasema, "Shangazi, nataka kuwa kipa."

Nataka. Niliacha cherehani ikakimbia peke yake, nikaharibu kola ya mteja.

Lakini Mzee Jamali alikataa. Nilimfuata dukani, nikambembeleza. "Dada Salma," akaniambia, "mpira wa magongo si mpira wa miguu. Huu mgumu kama jiwe. Kaka yako alikuwa na vigodoro vya kukinga miguu. Mimi simuweki mtoto wa Hamisi golini na miguu mitupu, nikivunja huo mfupa nitamwambia nini huko mbele?" Nikamuuliza vinauzwa wapi. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Vyake vilitoka Nairobi kabla ya haya yote. Sasa hata chumvi haitoki Nairobi."

Unakumbuka vilivyofika? Ulikuwa mbeba mizigo tu kule ghala la Zone Industrielle, kwenye viwanda, ukadaka kopo la rangi lililoanguka kutoka juu ya lori, Mzee Jamali akakuona, akasema amepata kipa. Vigodoro vilipofika wachezaji wenzako walikucheka, walisema Hamisi anakwenda kazini na kitanda chake. Wewe ulivileta kwangu siku hiyohiyo, ukavivaa uani, ukanipa mwiko wa ugali. "Piga, Salma! Piga kama unapiga mkeka!" Nikapiga mpaka mwiko ukakatika. Mama, Mungu amrehemu, alitukimbiza wote wawili.

Basi nilitafuta. Nilikwenda mjini, Rohero, kwenye duka la vitu vya michezo. Kijana wa pale akaniambia, "Mama, hoki? Si ule wanachezea kwenye barafu?" Akamwita mwenzake aje asikie, mama wa Buyenzi anatafuta barafu. Walicheka bila ubaya. Nikacheka nao, nikatoka. Nilimuuliza fundi wa viti vya magari kama anaweza kushona, akataka sponji na ngozi nilete mwenyewe, na ngozi hakuna. Nilijaribu kwa magunia na matambara. Mzee Jamali akaigusa kazi yangu kwa kidole, akanirudishia kwa adabu.

Ndipo nikaenda kule wanakotandaza vitu vilivyotumika. Unajua tunavyotaniana sisi wa Buyenzi, kwamba kioo cha gari yako kikipotea usiku, asubuhi kinakusubiri kwetu kimeoshwa. Siku hizi si vioo vya magari tu. Ni mabomba ya maji, fremu za madirisha, mabati, milango yenye kitasa na funguo. Watu hawaulizi vimetoka wapi. Tunanunua tukiwa tumeinamisha macho.

Nikavikuta vigodoro vyako, Kaka.

Vilikuwa vimeegemezwa kwenye fremu ya dirisha. Nilivijua kabla sijavifikia. Kile cha kushoto kina kiraka cha turubai ya kijani, nilikishona mimi kwa uzi wa nyavu kwa sababu uzi wa kawaida ulikuwa unakatika kila wiki. Mafundo yale ni yangu. Nilivishika. Nilitaka vinuke wewe, vikanuka mafuta ya taa.

Muuzaji alikuwa mama wa rika langu, mtoto mgongoni, sinia ya mchele mapajani anachambua mawe. "Karibu, yaya, dada yangu. Hizi ni za pikipiki. Mutu akianguka, magoti inabaki muzima." Mwanaume wa meza ya jirani akaingilia, "Apana! Ni za kulalia mapacha, kila mutu kitanda yake!" Wakacheka. Yule mama akataja bei. Nikafungua pindo la kitenge, nikampa.

Hapo ndipo nilipokosea. Pesa ilibaki mkononi mwake, hakuifumba. "Mbona hauombi nipunguze?" akauliza. Yule mwanaume bado anatania, "Mutu wa Buyenzi asiombe kupunguza? Huyu mugonjwa!" Lakini mama yule hakucheka tena. Alikuwa anatazama vidole vyangu, vinavyopapasa mafundo ya uzi. Anayenunua kitu cha mtu mwingine hubishana bei. Mimi nilikuwa nimesahau hata kukunja uso.

Aliweka sinia chini. Akasema polepole, jirani asisikie, "Ni ya mutu wako?"

Nikasema, "Ni za mtoto."

"Mi niliingia mwisho, yaya. Kule Kinama nyumba zote za mustari ule zilikuwa wazi. Kila mutu alikuwa anabeba. Na sisi kwetu tulikuwa tumekimbia, hatuna hata sufuria." Kisha akaingiza mkono ndani ya gunia, akatoa glavu yako ya kulia, moja tu, akaiweka juu ya vigodoro. "Nyongeza," akasema.

Nikachukua. Nikasema asante. Kaka, nilisema asante.

Wewe ndiye unayejua ulivyokufa. Sisi tunajua tu kwamba jioni ile watu walipokuwa wanakimbia Kinama ulimkabidhi Mwamini kwa jirani aliyekuwa anaondoka, ukasema unafunga nyumba, utafuata asubuhi. Wanaume wetu walipopata njia ya kufika Kinama, siku zilikuwa zimepita. Walionyeshwa udongo mbichi karibu na mto, wakaambiwa uko hapo pamoja na wengine. Wakaomba dua wakarudi. Walisema nyumba ni tupu, hata mlango haupo. Zaidi ya hapo hawakusema, nami mwanamke sikuwauliza.

Na huyu mama alikuwa ameingia. Alikanyaga sakafu yako. Ningeweza kumuuliza. Lakini ningepaza sauti kidogo tu, watu wangejaa. Miaka hii mtu akinyooshewa kidole sokoni, hakuna anayesubiri neno la pili. Angekufa pale, mtoto wake mgongoni, kwa ajili ya vigodoro. Njiani nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa huruma. Usiku sikulala, nikaona ni woga. Niliogopa atanijibu.

Nilivikata. Unisamehe. Vilikuwa vinamfika Mwamini mapajani, hawezi kukunja goti. Nilikata chini, nikatoa manyoya ya ndani, nikakaza mikanda, nikaacha kiraka kama kilivyo. Ile kofia yako ya kukinga uso haikuwepo, kwa hiyo Mzee Jamali amepiga marufuku kuinua mpira, anayeinua anakaa nje.

Mwamini alipovikuta juu ya mkeka alichuchumaa mbele yake. Hakuvigusa kwanza. "Shangazi, umevipata wapi?"

Nikamdanganya. Nilisema, "Ghalani, kazini kwa baba yako. Walikuwa wamemuwekea." Maneno yalitoka laini kabisa, kama niliyoyashona tangu zamani. Alinitazama, akasema, "Sawa," akakaa chini nimfunge mikanda.

Jumapili akacheza. Nimeshakuambia alivyocheza. Sijakuambia tulivyorudi nyumbani.

Alikuwa amebeba vigodoro mabegani, kimoja mbele, kimoja nyuma, kama ulivyokuwa unabeba wewe. Tulivuka barabara kubwa, tukaingia kwenye avenyu zetu, watu wanafunga maduka. Akasema bila kunitazama, "Shangazi, havikuwa ghalani."

Nikapunguza mwendo.

"Vilikuwa kwenye msumari, chumbani. Mimi ndiye niliyevitundika. Siku ileile."

Kwa siku nne mtoto yule alijua kuwa ninamdanganya, na aliniachia. Alivaa, akacheza, akanisubiri. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamwambia yote, tukitembea. Soko, yule mama, mchele, glavu. Nilitegemea atalia, au avitupe pale barabarani. Akauliza, "Kwa nini umelipa kitu cha baba?" Nikasema sijui, mwanangu. Akaonekana kuridhika na hilo kuliko lile la ghala.

Tulipofika karibu na nyumbani akasimama. "Ningekuwa mimi, ningemuuliza."

"Ungemuuliza nini?"

"Kama viatu vya baba vya kazi vilikuwa chini ya kitanda."

Kaka, sikuelewa. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayesoma somo alilolikariri. Kandambili zake zilikatika jioni ile, jirani yuko mlangoni anamharakisha. Wewe ukavua zako ukamvalisha, ukazifunga kwa kamba kwenye vifundo vya miguu yake kwa sababu zilikuwa kubwa. Ukabaki peku. Ukamwambia, "Nenda, mimi nina viatu vya kazi." Na yeye ameishi kwangu muda wote huu, anafagia, yuko sawa, huku akijiuliza kama ulipata muda wa kuvivaa. Kama ulishindwa kukimbia kwa sababu yake.

Nilimshika nikamwambia si kosa lake. Nilisema kila ninachojua kusema. Alinisikiliza kwa heshima. Lakini mtoto huyu hataki kufarijiwa, Kaka. Anataka kujua. Hata nikimwambia mtu mzima hakimbii kwa viatu, kwamba risasi haijali peku, najua atasema, "Sawa, Shangazi."

Tena nina la kwangu. Zile kandambili nilizitupa mimi. Siku alipofika kwangu aliingia na kitu kikubwa kichafu miguuni, nikadhani ameokota njiani, nikakata kamba nikatupa kwenye shimo la taka. Alinitazama nikitupa.

Basi nakuahidi hivi. Kesho nitarudi kwa yule mama. Nitakwenda asubuhi mapema, kabla yule jirani wake mwenye utani hajatandaza. Sitamuuliza nani alikuja, wala kwa nini, wala amechukua nini kingine. Nitakaa chini karibu yake, nimsaidie kuchambua mchele akitaka, nimuulize hilo moja: chini ya kitanda palikuwa na viatu vyeusi vya kamba, au hapakuwa na kitu. Pengine hatakumbuka. Pengine aliyeingia kabla yake alivichukua. Pengine ataondoka na meza yake asionekane tena. Nitaenda hivyohivyo.

Na atakalonijibu nitamwambia Mwamini, likiwa zuri au baya, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Ninaogopa sana, Kaka. Likiwa baya sijui nitamshikaje. Lakini sitamshonea uongo mwingine.

Sasa amelala, miguu nje ya shuka. Goti la kushoto limevimba kidogo, nimelipaka mafuta ya mawese.

Pumzika, Kaka Hamisi. Mola akupe nafasi pana na mwanga hapo ulipo, wewe na wale mliolazwa pamoja. Jibu la viatu wewe unalo tayari. Mimi ndiyo kwanza naanza kulifuata.

Dada yako,
Salma