Dawa Inayongoja Neno Lako

Kataki, Kalemie
Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Edmond,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua chako kimepona? Kazi ya bwawani Piana-Mwanga inaendeleaje? Mimi na mdogo wangu Carmel tuko wazima. Mvua imenyesha wiki nzima, samaki hawakauki, nyumba yote inanuka.

Kuhusu Mama, dada yako, sina habari njema. Saratani imetoka tumboni, imefika kwenye ini. Daktari alinieleza kwa Kifaransa, nami nikamwambia Mama bila kupunguza kitu: upasuaji hauwezekani tena, ila maumivu yanaweza kutulizwa. Anakula vijiko viwili vya uji, kisha anatapika. Nimeacha kumlazimisha.

Muuguzi, Mama Emerance, alituletea chupa ya morfini ya kunywa. Mpaka leo haijapungua ila kidogo tu. Siku ile ulipopiga simu ulisema ni dawa ya kumaliza watu, na kwetu neno la mjomba linapita la daktari. Mama analishika neno lako huku akiuma kona ya kitenge ili majirani wasimsikie.

Mjomba, nimekosa. Juzi nilitia dawa kwenye uji wake kwa siri. Uchungu wa dawa aliutambua mara moja. "Weye Nadine, nilikusomesha mpaka Lubumbashi, njo kule ukajifunza kumutilia mama yako sumu?" Carmel alicheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Tangu hapo ananusa kila kikombe ninachompa. Hata maji anayapokea kwa Carmel tu.

Mama Emerance amenihakikishia kwamba dawa hii, ikipimwa vizuri, haiharakishi kifo. Haitamponya pia. Itampa usingizi, na labda siku chache za kuzungumza nasi.

Sikulaumu, najua ulisema kwa woga wa kumpoteza. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu inakaa chini ya mto wa Mama na anasikia kila kitu. Thierry, dereva wa Fuso, anaondoka kesho kuja huko kwenu Manono. Naomba barabara imruhusu kufika kabla ya Jumapili, siku yako ya kupiga simu.

Ukipiga siku hiyo, usiniulize mimi habari. Mwambie yeye, kwa sauti yako: "Dada, kunywa." Kisha umwambie akipokee kikombe kutoka mkononi mwangu.

Nisalimie Mama Keren na Israël. Mungu awafunike nyote huko.

Wako akupendaye, anayeingoja Jumapili,
mtoto wa dada yako,
Nadine