Salamu Tatu Kabla ya Halua

Shangazi Kuluthumu, shikamoo. Nakuandikia roho ikiwa juu juu, na kabla hujacheka nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, naishi Cheyo, kazi yangu ni kutengeneza tovuti, yaani zile kurasa mtu anazifungua kwenye simu akaona duka na bidhaa zake, na nimeposwa, au niseme nakaribia kuposwa, na kijana anayeitwa Ammar, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Asila, mwenye duka la halua pale Gongoni, na wazee wao wamepanga kuja kwetu wiki moja baada ya Idi, ila kwenye nyumba ile neno la mwisho ni la Bibi. Miezi miwili iliyopita aliniita akasema, "Tunu mwanangu, nitengenezee na mimi duka la kwenye simu, watu wa Usoke na Urambo waagize bila kupanda gari." Nikafurahi, nikaona hapa ndipo nitakapomwonyesha kwamba mjukuu wake anaoa mtu wa kazi.

Basi Shangazi, Bibi akasema mgeni haingii kwake bila kusalimiwa. Ukifungua ukurasa tu kinaruka kisanduku, "Asalaam aleikum, umeshindaje?", lazima ubonyeze "Salama" ndipo kiondoke, kinakuja cha pili, "Nyumbani hawajambo?", ubonyeze "Hawajambo", kinakuja cha tatu, "Safari ilikuwaje?", safari gani na mtu yuko kitandani kwake sijui, lakini nani amkatalie Bibi, nikaweka. Kisha inalia kasida bila kuombwa, inafuata picha ya marehemu Babu Thabit imejaa kioo kizima, ilivyotoka kwenye kamera ndivyo nilivyoipandisha, halafu habari za ukoo tangu babu wa babu alipofika na msafara, halua iko chini kabisa, na kitufe cha kuagiza ni kidogo, cha kijivu, kwa sababu Bibi hapendi aonekane anamsukuma mgeni anunue.

Wiki tatu, hata oda moja. Mama Tekla, mteja mmoja wa Usoke, akanipigia simu, "Mwanangu, nimeitikia salamu mpaka bando limekata, halua yenyewe sijaiona." Na Bibi akaanza kumwambia Ammar kwamba mkono wa huyu binti hauna baraka, afikirie vizuri. Nililia.

Ndipo nikafanya la kufanya. Nikatengeneza ukurasa wa pili, mwepesi, halua juu, kitufe kikubwa, nikaweka alama kwenye simu ya Bibi ili yeye akifungua aone ule wa salamu, na dunia nzima ione huu mwingine. Oda zikaanza siku ileile, Shangazi, mpaka sasa Ammar anakoroga masufuria mawili kwa siku. Bibi ananisifia mtaa mzima, "Mmeona salamu zinavyovuta watu?", na anataka niongeze ya nne, ya kuulizia mvua. Jumapili hii anakwenda harusini Usoke, na ameapa atawafungulia wenyeji wake ukurasa kwenye simu zao wenyewe, waone mgeni anavyopokelewa. Nikimwambia, nimeshamdanganya mtu mzima kabla sijaingia nyumbani kwake, nikinyamaza, ataumbuka mbele za watu na posa imekwisha. Na yeye anakupenda sana, kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri jirani yake Mzee Nurdini humsomea safu yako yote ya gazetini. Nifanyeje?

Tunu, Cheyo.

*

Marahaba, Tunu.

Nimecheka, nisamehe. Nilipofika kwenye "Safari ilikuwaje?" ilibidi niweke barua chini.

Nilipomaliza nikafungua ukurasa wako kwa simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka, nikaagiza nusu kilo kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kazi unaijua. Kilichokushinda ni mdomo. Najua utasema ulimwogopa Bibi kwa heshima, lakini heshima gani ya kumficha mtu duka lake mwenyewe? Watu wote wanaingia mlango mmoja, yeye umemwekea mlango wake peke yake na salamu zake humo ndani, halafu unamwacha asifie. Hilo ni baya, na unajua. Tena usimsingizie kila kitu. Ile picha ya marehemu, Bibi hakukukataza kuibana iwe nyepesi kabla ya kuipandisha. Huo ulikuwa uvivu wako.

Na Bibi Asila hajakosea kutaka mgeni apokelewe. Nimewahi kununua halua pale Gongoni. Hakuniacha nimesimama mlangoni naitikia. Aliniwekea kipande kwenye kisahani nionje, na huku anafunga mzigo wangu ndipo akaniuliza habari za watoto. Ukurasa wake ufanane na yeye. Halua ionekane kwanza. Salamu iwe mstari mmoja juu yake, usiomzuia mtu kupita. Kitufe kiwe kikubwa cha kutosha kidole gumba, na rangi yake ionekane hata juani, kijivu yaachie mawingu. Kasida iimbe ikiombwa. Babu Thabit na ukoo wake wakae chini, kwa mgeni mwenye nafasi ya kukaa barazani. Ukimaliza, usijipongeze mbele ya kompyuta yako kubwa. Ujaribu kwa simu ndogo, na mtandao wa kusuasua kama wa Mama Tekla.

Sasa kwa Bibi. Azima simu ndogo, mfungulie ule ukurasa wa salamu, mwambie aagize robo kilo dukani kwake mwenyewe. Kisha ukae kimya. Usimwelekeze, usimsaidie hata kwa jicho. Acha aulize mwenyewe halua iko wapi. Hapo mwambie yote, na ile alama uliyoweka kwenye simu yake usiiruke. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike leo nyumbani, kuliko Jumapili harusini.

Limebaki moja. Umeniambia Bibi husomewa safu hii, kisha ukaandika majina yote wala hukuniomba niyafiche. Nadhani ulitaka mimi ndiye nimwambie. Nimeyaacha yalivyo, lakini leo ni Ijumaa, gazeti liko mitaani tangu asubuhi, na Mzee Nurdini havai miwani yake mpaka alasiri. Kutoka Cheyo mpaka Gongoni si mbali, tupa mtandio kichwani uende. Mpe Bibi shikamoo, akiitikia marahaba, anza kusema. Usimuulize mvua, usimuulize usingizi. Salamu moja inatosha.