Tulipouliza Njia Isiyo ya Kisu

Mpendwa mume wangu, Baba Hyasinta,

Wewe uliyeweza kuchimba ngolo, yale mashimo yenu ya kulimia, mlimani kutwa nzima bila kulalamika, uliogopa vitu viwili tu: ziwa la kwetu Mbaha, na kisu cha daktari. Ziwa nilikuzoesha mwenyewe. Ulipokuja kunichumbia kutoka Maguu ulikaa mbali na maji kama paka, shangazi zangu wakakucheka, lakini kabla ya ndoa ulishajifunza kupanda mtumbwi, japo umeshika kingo kwa mikono miwili. Kisu hakikuzoeleka.

Nakumbuka siku tulipofuata majibu Songea. Daktari alikuwa binti wa rika la Hyasinta wetu. Alikuamkia shikamoo kwanza, ndipo akasema kinyama walichokunyofoa kimeonyesha saratani ya tezi dume, na kwamba upasuaji ungeweza kuiondoa tezi yote. Ulisema asante, ukavaa kofia, ukatoka. Basi lilipoanza kupanda milima ya Mbinga, ukanigeukia.

"Mama Hyasinta," ukasema, "mimi si mbuzi wa sikukuu."

Nilicheka, kisha nikageukia dirishani ili usinione uso.

Wiki ile ile mdogo wako Batromeo akaleta unga wa mizizi kutoka kwa mganga wa Chiwanda. Sikumlaumu, na leo simlaumu. Alikupenda, na sote tumelelewa na mizizi. Mtoto akiumwa tumbo, mama zetu walijua pa kuchimba. Mganga alisema unga unayeyusha uvimbe, ila ukichanganywa na dawa za hospitali unakufa nguvu. Hilo la mwisho lilinitia shaka. Dawa gani hii isiyotaka mgonjwa aonekane na mtu mwingine? Lakini ulikuwa umetabasamu kwa mara ya kwanza tangu Songea, basi nikabandika maji jikoni.

Ulikunywa mpaka kahawa ikaiva. Asubuhi moja katikati ya mavuno mkojo ukagoma kabisa. Tumbo likajaa, ukalala sakafuni ukiuma mkono wa shati. Hospitali ya Mbinga walikuwekea mpira wa kutolea mkojo, na maumivu yalipotulia ulinishika mkono ukasema, "Turudi kwa yule binti."

Safari hii niliuliza mimi. "Daktari, mzee kisu hakitaki. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mama," akasema. "Lakini isiyo ya kisu si sawa na isiyo ya hospitali."

Akavuta kiti karibu nasi. Alisema saratani bado iko ndani ya tezi, haijatembea. Upasuaji ni njia moja, na baadhi ya watu baadaye mkojo huwavuja. Njia ya pili ni mionzi Dar es Salaam pamoja na sindano za kuinyima saratani chakula chake; hiyo nayo inachosha, inaunguza utumbo, na inapunguza joto la mwanamume. Wewe ukauliza, "Na nikiacha tu?" Akajibu kwamba kuna wazee ambao uvimbe wao ni mpole, hao huwapima mara kwa mara bila kuwagusa, ila wako haukuwa mpole. Ukamtajia unga wa Chiwanda. Nilidhani atakufokea.

"Sijaona mzizi ulioponya saratani hii, mzee, nikikwambia nimeona nitakuwa nakudanganya. Ila ukinywa chochote, niambie, nijue hakigombani na dawa zangu."

Ukamwamini pale pale. Nililiona hilo kwa jinsi ulivyovua kofia.

Hatukurudi Maguu moja kwa moja. Tuliteremka Mbaha kwa mama yangu, tukakaa mchangani huku wanawake wakianika usipa, dagaa wa ziwa letu, tukapima maneno yale moja moja. Ulisema unataka njia itakayokuacha upande mlima wako. Nikasema nataka mtu wa kuzungumza naye, mengine yatajipanga. "Hata yale ya chumbani?" ukauliza, ukiangalia maji. "Hata hayo," nikasema. Ukaokota usipa mmoja, ukatafuna. "Basi mionzi."

Haikuwa rahisi, na nikisimulia sifichi. Kule Dar ulikonda, choo kikakutesa, ukalala mchana kama mtoto mchanga. Sindano zikakuletea joto la ghafla. Ukawa unajipepea kwa kofia katikati ya baridi ya Maguu. "Hiki ni kitu gani?" ukaniuliza umelowa jasho. Nikakwambia, "Karibu, mume wangu. Mimi nimeishi nacho miaka na hukuniuliza." Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Na yale ya chumbani yalipungua, yakaisha. Nayataja kwa kuwa watu huyanyamazia. Tulibaki tumelala tukizungumza, na kuna mambo uliyonieleza wakati huo ambayo ujanani hukuwahi kuyagusa.

Vipimo vikashuka, vikakaa chini. Ukarudi mlimani. Ukamsindikiza Hyasinta kanisani siku ya harusi yake, ukapakata mjukuu, ukapanda miche ya kahawa ambayo watu walisema hutaivuna, na ukaivuna. Moyo ndio uliokuchukua, mchana wa jua, ukigeuza kahawa kichanjani. Saratani haikukuweza.

Jana baada ya misa, mwanamume mmoja wa jumuiya yetu alinifuata nyumbani. Aliuliza habari za miche, akanywa uji, akauliza tena habari za miche. Ndipo akasema amekutwa na ugonjwa kama wako. Nikamsimulia hivi nilivyokuandikia.

"Kwa hiyo, mama, nami nikatae kisu kama mzee?"

"Hapana," nikamwambia. "Mzee mara ya kwanza alikataa tu, na ilimtesa. Mara ya pili aliuliza, ndipo akachagua. Wewe huenda kisu ndicho chako. Nenda kaulize yote, na mkeo akiwa amekaa pembeni yako."

Akalitazama bakuli tupu. "Mke wangu hajui."

"Basi anza na yeye."

Alishika njia ya kwake akitembea haraka. Nilisimama kibarazani nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona ya mibuni, na sikuwa na wasiwasi juu yake.

Pumzika vema, mume wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Hyasinta