Mzinga wa Mkwe

Jumatano, 8 Agosti 1956
Maji, kuni, kisha kazi ya Edith. Yeye ni mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, mimi mkalimani wake likizo hii. Nilimleta mwenyewe huku Mau kwa mjomba Kiprono. Bwana Misitu, afisa wa serikali, anataka kuwahamisha watu wa mama ili apande misaiprasi, miti ya mbao. Watashushwa Rongai, wawe vibarua mashambani. Anasema Wandorobo, ndivyo anavyowaita, hawana ardhi, wanazurura tu. Edith amemjibu kwamba kila ukoo una sehemu yake ya msitu, na hakuna mtu wa nje anayetundika mzinga wa nyuki humo. Jumatatu anakuja kujionea.

Ijumaa, 10 Agosti
Balaa. Tumeufuata mpaka wa sehemu ya mjomba, mimi, yeye na Edith. Karibu na mto, juu ya mti wa mtarakwa, kuna mzinga wenye alama isiyo yake. Ni wa Sang, mume wa binti yake Chebet. Ukoo mwingine kabisa. Aliomba, akakubaliwa. Mjomba hakuona la kutuambia. Mkwe ni mkwe. Edith ameketi kwenye gogo. Alisema hakuna mtu wa nje; sasa yupo.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimemsihi mjomba aushushe, aurudishe Jumanne. Alinitazama kama nimemtukana. Mzinga wa mtu haushikwi, hata ukiwa kwenye mti wako. Sang yuko Kabazi, kibarua. Ametumiwa habari. Namchukia Bwana Misitu. Namchukia Edith kidogo. Mimi mwenyewe zaidi.

Jumatatu, 13 Agosti
Bwana Misitu aliuona mzinga kabla hatujafika mtoni. Akatabasamu. Alama mbili, akasema, basi msitu huu hauna mwenyewe. Sang alikuwa amefika asubuhi, matope hadi mapajani. Edith alinituma nimuulize Sang jambo moja: asali ya kwanza humpelekea nani?
"Baba mkwe. Msitu ni wake."
"Na usipompelekea?" Bwana Misitu aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.
"Atanifukuza hapa, bwana. Na nikifika nyumbani, Chebet amefunga mlango."
Wazee walicheka. Askari wa msitu pia. Edith akasema taratibu kwamba mtu haombi ruhusa mahali pasipo na mwenyewe. Kwamba yeye ndiye alikosea, hakuuliza habari za wakwe. Bwana Misitu akaagiza vigingi alivyokwisha kupigilia kupima shamba lake la miti ving'olewe. Miche itapandwa chini, kwenye uwanda wa nyasi.
Tunabaki. Nililia nyuma ya mti, kamasi na yote. Sijali.

Jumapili, 19 Agosti. Nakuru
Mvua tangu kanisani. Nimepiga pasi nguo za shule, nimelala mchana, jambo nisilolifanya. Sang amerina asali. Mjomba amemletea mama kibuyu kidogo kutoka kwenye fungu lake, ile asali ya kwanza. Mama aliuliza ni asali ya mzinga gani. Nikamwambia. Akalamba kijiko polepole, akakichovya kibuyuni tena.