Risasi ya Kiwalani

Jumatatu, 3 Agosti
Shabaha tangu asubuhi. Risasi tano kila askari, kisha maganda matano mkononi, yakiwa bado ya moto. Sajenti-Meja Kondo husimama nyuma yetu na debe lake la kukusanyia maganda. Ukipungukiwa ganda moja unatambaa kwenye nyasi mpaka ulipate. Miaka kumi na minane ya upolisi, sasa ni Sajenti wa upelelezi, na bado natambaa. Leo nimetambaa. Magoti yananiuma. Namchukia yule mtu.

Jioni nimepitia Keko kwa Anselmi, seremala. Kabati la mke wangu bado halina milango. Ati wiki ijayo. Fundi gani amewahi kusema wiki hii?

Alhamisi, 6 Agosti
Kiwalani. Hamisi, mlinzi wa shamba la minazi, kauawa alfajiri mlangoni pake. Risasi mbili. Huyu ni wa pili. Wa kwanza Mzee Faraji, muuza samaki wa Kunduchi, siku kumi zilizopita. Alfajiri vilevile, mbili vilevile. Nimetafuta maganda mpaka jasho likaniingia machoni. Hakuna hata moja, kama Kunduchi. Lakini kwenye mwimo wa mlango nimechokoa risasi kwa kisu. Ya bunduki ya Serikali. Siwezi kukosea, nimezipiga nusu ya umri wangu.

Bwana Mkubwa, Superintendenti wetu, hakutaka kuitazama. Gobore hushindiliwa kwa mdomo, haliachi ganda. Hakuna ganda, basi ni gobore. Ndivyo alivyosema, akarudi kwenye chai yake. Tangu vurugu za Kenya wazungu hawa wanaona gobore kila kichaka.

Jumamosi, 8 Agosti
Wamemkamata Anselmi. Kosa lake ni kuwachongea vitako vya magobore wakulima wanaofukuza nguruwe. Yamekutwa mawili karakana kwake, yameegemezwa kwenye kabati langu. Kondo ndiye aliyeongoza msako. Anselmi aliponiona nje akatabasamu. Alidhani nimekuja kumtoa.

Jumanne, 11 Agosti
Temeke, kwa Bi Sikudhani, mpika gongo. Majirani wa Hamisi ndio walionielekeza kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anafunga mizigo. Yeye alikuwa akipika, Hamisi akificha shambani, Mzee Faraji akisafirisha ndani ya matenga ya samaki. Kondo akiwakamua wote watatu. Mwezi wa sita wakachoka, wakatia dole gumba kwenye barua ya kumshtaki, wakaipeleka bomani. Barua haikujibiwa.

"Sie tulikuwa watatu, mwanangu. Wenzangu ndio hao wamekwisha. Mie hapa nangoja nini?"

Nikamwambia asiende popote. Naandika ripoti, atawekewa ulinzi. Akaanza kufungua mizigo.

Nikiwa njiani kurudi nikasimama katikati ya barabara, mwenye baiskeli akanitukana. Jambazi akishaua hukimbia. Hainami gizani kupapasa chini atafute ganda. Anayeinama ni yule ambaye mkono wake umezoea, aliyeokota na kuokotesha wenzake miaka yote. Hakujificha hata. Alifanya kama anavyofanya kila siku uwanjani.

Jumatano, 12 Agosti
Kurasa tatu. Risasi ya Kiwalani, maganda, barua ya bomani. Jina la Bi Sikudhani na nyumba yake ilipo, ili alindwe. Nimempa Bwana Mkubwa mkononi pamoja na risasi yenyewe. Akasoma yote. Akanisifu kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akaitia ripoti kwenye mtoto wa meza.

Nimerudi nyumbani najisikia mwanamume.

Jumamosi, 15 Agosti
Bi Sikudhani kauawa alfajiri. Risasi mbili. Safari hii ganda liko kizingitini, wazi kabisa, hata kuku ameliona. Hakuna aliyeinama.

Ripoti yangu aliisoma mtu mmoja. Mtu huyohuyo ndiye aliyempendekeza Kondo apewe nishani, naye mwenyewe anangojea cheo kikubwa zaidi. Kondo akianguka anaanguka naye. Nilikuwa nalijua hilo. Kituo kizima kinalijua. Na bado nilimwandikia nyumba ilipo, baada ya kumzuia mama wa watu asikimbie.

Nimemfunika kwa khanga yake.

Bwana Mkubwa ameshatoa hukumu yake. Kuna ganda, basi si gobore, basi huyu ni muuaji mwingine. Wale wawili wanabaki kuwa wa Anselmi.

Jumatatu, 17 Agosti
Risasi ya Kiwalani haimo kwenye vielelezo. Nimekwenda kuuliza. Bwana Mkubwa akaniuliza nimebakiza miaka mingapi kazini, na kama mke wangu anaipenda kota yetu. Akanipa sigara. Nikaivuta mpaka mwisho.

Jumatano, 14 Oktoba
Mahakamani. Wakili wa Anselmi, Mhindi mwenye kikohozi, akauliza kama nilikuta ganda Kiwalani. Nikasema sikukuta. Kweli tupu. Akauliza kama nilikuta risasi. Kondo alikaa mbele, kofia magotini, viatu vinang'aa.

Nikasema sikumbuki.

Wakili akakaa. Jaji akaandika. Anselmi alikuwa akinitazama, kisha akaacha, akatazama mikono yake. Ningefurahi kama angenitukana.

Mke wangu kauliza kesi imekwendaje. Nikamfokea.

Alhamisi, 15 Oktoba
Hukumu ya Anselmi: kunyongwa.

Jumapili, 6 Desemba
Anselmi alinyongwa Alhamisi. Kondo amevaa nishani yake. Mimi nimeongezwa tepe.

Leo tulipotoka kanisani tumemkuta mke wa Anselmi nje ya kota, amesimama kando ya mkokoteni. Ameleta kabati. Kasema mumewe aliagiza kutoka gerezani fundi mwenzake alimalizie, Sajenti asije akadhani amemkimbia na kazi yake. Mke wangu alimkaribisha chai. Hakunywa, ana safari ya kurudi kwao kusini na watoto.

Vikombe vimeshapangwa. Milango inafunga vizuri, haitoi hata mlio.