Nani Alisema Yuko Jikoni

Goma, tarehe 10 Agosti 2025

Shemeji Honoré,

Salamu sana. Habari ya Kampala? Mguu ule waliouumiza gerezani unaendelea namna gani? Sisi tuko, tunapumua. Dada yako Lucie alishikwa na malaria lakini amepona, amerudi kuuza majani yake ya sombe kwenye soko ya Birere. Simu zangu haukamati, ndiyo maana nimeandika kwa mukono na kumupatia Mama Munguakonkwa, anayepita mupaka wa Bunagana kila mwezi kwa biashara.

Sikulaumu kwa kutoka Goma bila kupita kwetu walipokufungua. Ninaandika kwa ajili ya mutoto wetu Umurerwa. Unajua mambo yangu ya Jumamosi: watoto wa avenue yetu wanakaa kwenye baraza yetu, ninawapa hadithi fupi, kisha ninawauliza, "Ungekuwa weye, ungefanya nini?" Mbuzi ya jirani imekula maharagi ya mujane, na ni weye peke yako uliyeona nani aliifungua kamba. Rafiki yako amechungulia kwenye mutihani, mwalimu anakuuliza weye. Zamani Umurerwa ndiye alikuwa wa kwanza kuinua mukono. Sasa anakaa nyuma kabisa, hasemi neno.

Tangu ile asubuhi ya mwezi wa tatu, wenye bunduki waliokuwa wanakutafuta walipokutoa katika jikoni yetu ulimojificha, anaamini ni kinywa chake kilichokupeleka gerezani. Ana miaka kumi tu. Alisema kweli kwa sababu miye nilimufundisha kusema kweli. Tafadhali, muandikie hata maneno mawili, umuambie humukasirikii.

Shemeji yako,
Sebahire


Kampala, 21 Septemba 2025

Shemeji,

Barua yako ilifika imelowa, lakini nimeisoma yote. Pole kwa malaria ya Lucie, umusalimie sana. Mguu unauma baridi ikiingia. Moto, ile pikipiki yangu, siwezi kuendesha tena. Ninafanya kazi kwa fundi mumoja wa magari, kazi ya kukaa chini.

Mutoto simukasirikii, hata siku moja. Lakini kuna kitu kinanisumbua, na kilinisumbua ile miezi ine yote niliyofungwa. Nilikuwa nyuma ya mulango wa jikoni. Nilimusikia mukubwa wao akimuuliza mutoto, "Mujomba wako iko wapi?" Kisha kimya. Kimya kirefu, Shemeji. Nikadhani nimepona. Halafu ndiyo nikasikia sauti ya Umurerwa: "Yuko jikoni."

Mutoto aliyezoea kusema kweli hujibu palepale. Yeye alingoja. Alikuwa anangoja nini?

Niambie hiyo kwanza, kisha nitamuandikia.

Ndugu ya muke wako,
Honoré


Goma, tarehe 7 Desemba 2025

Shemeji,

Ninakusalimu nikiona haya. Mama Munguakonkwa amepita mara mbili akiniuliza kama kuna barua, na mara mbili nilimuambia hakuna. Ziliandikwa, nikazichana.

Alikuwa ananingoja miye.

Yule mutu alipouliza, Umurerwa alinigeukia. Aliniangalia vile anavyoniangalia Jumamosi, kabla ya kujibu. Kijana wao mumoja alikuwa ameweka bunduki karibu na kichwa cha Lucie. Nilitaka kumuambia mutoto kwa macho, "Sema hujui." Badala yake niliinamisha kichwa. Ni mara moja tu, kidogo, lakini alielewa. Ndipo akasema.

Jioni ile majirani walipokuja kuuliza, niliwajibu, "Ni mutoto. Hajui kudanganya." Lucie alikuwa amefunga macho kwa woga, hakuona, naye nilimuambia vilevile. Umurerwa alikuwa amesimama pale. Alinisikia.

Siku tatu baadaye, tukichagua maharagi, aliniuliza, "Papa, mutu akiinamisha kichwa, ni kama amesema?" Miye mwenye kuuliza watoto wa watu maswali, nilimuambia aende kuchota maji.

Nisamehe, Honoré.

Sebahire


Kampala, 28 Desemba 2025

Sebahire,

Salamu za sikukuu kwa Lucie na kwa mutoto.

Bunduki ikiwa kwa kichwa cha dada yangu, labda hata miye ningeinamisha kichwa. Hiyo ninaweza kuielewa. Lakini miezi tisa umemubebesha mutoto muzigo wako, ukimuangalia akiubeba! Kisha ukaniandikia kama mutu mwema, ukitaka miye nije kumutua.

Usinitubie miye peke yangu, niliye mbali. Muambie Lucie. Waambie wale watoto wa baraza, kwa sababu ni mbele yao mutoto anaona haya.

Honoré


Goma, tarehe 25 Januari 2026

Shemeji, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Natumaini uko muzima. Nimefanya ulivyosema.

Jumamosi ya tarehe 10 watoto walikuja kumi na wawili. Niliwaambia hadithi ya papa mumoja, mutoto wake, na mugeni aliyefichwa jikoni. Niliwaambia yote, hata kile kichwa kilichoinama. Nikauliza, "Nani alimutoa mugeni kwa wenye bunduki?" Nshimiyimana, mwana wa fundi viatu, akasema ni mutoto, angedanganya tu. Bénita akasema ni papa. Wakabishana sana.

Ndipo Umurerwa alisimama kule nyuma. Tangu mwezi wa tatu sijasikia sauti yake Jumamosi. Akasema, "Ni mutoto. Papa hakusema neno." Aliyasema huku akiniangalia. Alikuwa ananificha, Honoré, vile miye nilishindwa kukuficha weye.

Nikasema, "Hapana. Papa yule ni miye. Mugeni ni Mujomba Honoré. Umurerwa hana kosa, miye ndiye niliyemusingizia mbele ya watu wote."

Lucie alikuwa mulangoni na beseni ya sombe kichwani. Nilikuwa nimepanga kumuambia usiku uliotangulia, nikaogopa. Aliitua chini polepole, akamushika mutoto mukono, wakaingia ndani. Watoto wengine walirudi kwao bila kuaga.

Kesho yake wakaenda kwa mama yenu, Rutshuru. Lucie hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kabla ya kupanda gari Umurerwa aliniuliza, "Papa, sasa ninaweza kuwaambia watu kwamba si miye?" Nikamuambia ndiyo. Akauliza tena, "Na weye utasemaje wakikuuliza?"

Sasa baraza iko tupu, wazazi hawatumi tena watoto, na wana haki. Mutu akiniuliza, ninamuambia kweli. Si wengi wanaouliza.

Ninangoja neno lako.

Sebahire


Kampala, 1 Machi 2026

Sebahire,

Mama Munguakonkwa anasema umekonda. Ujikaze kula.

Umurerwa aliniandikia toka Rutshuru, karatasi mbili, pande zote mbili. Nilimujibu siku ileile. Lucie amenipigia simu, anasema mutoto aliisoma barua yangu kwa sauti mbele ya bibi yake, kisha akatoka kucheza na wenzake mupaka bukari ikapoa sahanini.

Weye umeniomba musamaha. Nimeshika kalamu ya bic mara nyingi nikujibu hilo. Sitakudanganya: bado.

Mujomba wa Umurerwa,
Honoré