Kazi ya Rula na Kidole

3 Februari

Kaka Rula,

Habari za siku nyingi? Mgongo unasemaje? Mimi huku mzima, ila macho yananiuma kwa kukodolea skrini kutwa. Goti la Mama limepoa? Mwambie asipande ngazi za duka bila sababu. Kama ni umbea, watamletea hapo chini.

Mama kaniambia kwenye simu kwamba shule walikuletea faili la majalada ya madaftari, kompyuta yako ikaligomea. Kaka, hiyo programu yako ya kuchorea imezeeka. Ingekuwa mtu, ingeshapata wajukuu. Chukua toleo jipya. Ofisini kwetu hakuna hata anayeikumbuka sura ya hilo lako.

Najua utasema Kidole ameanza kunyoosha kidole. Ndilo jina mlilonipa. Lakini miaka yote niliyokaa kwenye meza ile ya dukani kwako nilichora mimi, ukaandika chini "Kazi ya Rula", mpaka nikaondoka. Basi hata hili moja nisikilize.

Mdogo wako,
Kidole

12 Februari

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Goti la Mama leo zima, kesho bovu. Barua yako imefika salama pamoja na kejeli zake.

Sasa nisikilize wewe. Programu yangu niliinunua mara moja, ikawa yangu. Hiyo yenu ni ya kukodi kila mwezi. Ukishindwa kulipa unafungiwa nje, na kazi zako zimo ndani. Fundi gani anakodi nyundo? Hii yangu naitumia hata nikifumba macho. Shule wakinitaka waniletee karatasi, nitachora upya.

Na hilo la jina, ile ni alama ya duka. Usianze.

Kaka yako,
Rula

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama anakusalimu sana.

Shule wamehamia kwa yule jamaa wa ng'ambo ya barabara. Jana nimemwona muuza kuku, mteja wangu tangu enzi hana hata kibanda, anatoka kwa jamaa huyo huyo na karatasi ya bei mkononi. Alinisalimu huku anatazama viatu vyake.

Sijasema nabadilisha. Nasema ningependa kuionja kwanza kabla sijaamua. Nifanyeje?

Kaka yako,
Rula

4 Machi

Kaka,

Pole sana. Habari ya muuza kuku imenikata maini.

Ingia kwa akaunti yangu ya ofisini. Jina la kuingilia ni Kidole, maana hata huku ndivyo wanavyoniita. Neno la siri ni lile jina Mama alilokuwa akiitwa shuleni. Fanya kazi moja, onja, toka. Moja tu, Kaka. Bosi wetu hataki kusikia mtu wake anafanya vibarua vya nje, na alishamfukuza mwenzetu kwa ajili ya kadi ya harusi. Ukiipenda, lipia ya kwako.

Mama asijue, maana mtaa mzima utajua.

Mdogo wako,
Kidole

20 Mei

Mdogo wangu kipenzi,

Hujambo huko? Kazi zinakwendaje? Huku sote wazima, na Mama anapanda ngazi kama msichana.

Nakiri, ulisema kweli! Ile programu si mchezo. Muuza kuku amerudi, nimemchorea bango jekundu linaonekana toka kona ya pili. Shule nao wamerudi. Kadi za harusi ndiyo usiseme. Halafu inajihifadhia kazi yenyewe! Sijui inaweka wapi, lakini nikifungua asubuhi nazikuta zote zimekaa. Nilitaka kulipia yangu, nikaona kwa nini tuwe na mbili na sisi ni ndugu?

Lile neno lako kuhusu jina lilinikaa moyoni. Nilikudhulumu, mdogo wangu. Sasa kila kazi inayotoka dukani ina alama mpya chini: "Kazi ya Rula na Kidole". Mama alipoiona kwenye bango la kuku alilia.

Ila tangu Jumatatu imegoma, inasema neno la siri si sahihi. Nitumie jipya haraka, bwana harusi ananisimamia hapa.

Kaka yako,
Rula

29 Mei

Kaka,

Natumaini Mama hajambo.

Inaweka kwenye ghala la ofisi yetu, Kaka. Ndiko inakoweka. Kila ulichochora kilikuwa mezani kwa bosi.

Jumatatu ile ile iliyokugomea, alituita wote. Akawasha ukuta wa chumba cha mikutano, akatokea kuku mkubwa mwekundu. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, sikujua. Akauliza kazi hii ya nani, imeingia kwa akaunti yangu. Nilikuwa na jibu. Ningesema nimeibiwa neno la siri, nao wangeniamini, maana sijawahi kuwakosea. Nilishafungua mdomo. Akashusha picha mpaka chini, akasoma alama kwa sauti.

Walinipa mfuko wa kubebea vitu vyangu.

Nililililia jina hilo pale dukani, ukaninyima nikiwa nalistahili. Umenipa siku lilipokuja kuniua. Nilisema kazi moja! Nina hasira na wewe hadi nashindwa kula.

Lifute. Kila mahali.

Kidole

6 Juni

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza habari.

Nimejaribu kufuta, siwezi. Kazi zote zimebaki huko kwa bosi wako. Nimeirudisha programu yangu ya zamani, haifungui hata moja. Nilimfuata muuza kuku anipe bango nilipake rangi pale chini, amekataa. Anasema jina limekaa vizuri, na watu wanamuuliza huyo Kidole ni nani.

Nisamehe. Njoo nyumbani. Meza yako ipo, nimeipangusa.

Mama anauliza kila siku mbona hupigi simu. Nimemwambia una kazi nyingi.

Kaka yako,
Rula